Kula mjini Unguja: chagua saa kwanza, mkahawa baadaye

Jamaa zangu wakiwa njiani kuja mjini hunipigia simu na suala lile lile: tukale wapi? Nami huwauliza: njaa yenu itakuwa ya saa ngapi? Wapo wanaodhani nawazungusha. Lakini nimezaliwa na kukulia hapa, mikahawa ya Mji Mkongwe na ya Ng'ambo, ile mitaa iliyo nje yake, naijua kwa kula, si kwa kusimuliwa, na ninachoweza kumwambia mtu kwa moyo mmoja ni kwamba mkahawa unaokulisha vizuri saa saba mchana si lazima ukulishe vizuri saa mbili usiku. Wapishi ni wale wale, vyungu ni vile vile. Kilichobadilika ni nazi.

Chakula chetu kikubwa kimesimama juu ya tui. Nazi hukunwa asubuhi kwenye mbuzi, ikakamuliwa, tui jepesi likatangulia jikoni pamoja na samaki au kisamvu au muhogo, na kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, likawekwa kando mpaka mwisho. Likishatiwa, mpishi habanduki. Hukoroga taratibu kwa moto mdogo, maana mchuzi ukichemka kwa fujo tui hukatika: mafuta hujitenga juu, chini yakabaki maji yenye chembechembe. Mchuzi uliotoka sasa hivi unang'ara na unashika kwenye tonge. Uliopashwa moto mara tatu, na joto letu hili, umeshachoka, na haupiti muda huanza kuchacha. Bizari haiwezi kuuficha.

Mwaka juzi shangazi yangu alikuja kutoka Wete, Pemba, kwa matibabu. Tulitoka hospitali usiku, hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, nikampeleka mkahawa mmoja wenye meza nzuri na taa nzuri, ambao jina lake nalihifadhi. Akaagiza changu wa nazi na wali. Alichovya tonge moja, akalituliza mdomoni, akalimeza kwa adabu.

"Vipi, shangazi?"

"Mwanangu, samaki hana kosa. Ila tui limekatika. Hili wamelipasha tangu mchana."

Hakuendelea. Akaomba chai ya rangi na mkate, akala nusu yake. Mtu mzima, mgonjwa, amevuka bahari, na mimi ndiye niliyemchagulia pahala. Tangu usiku ule simpeleki mgeni popote kabla ya kutazama saa.

Mchana: Mkunazini au Malindi?

Kwa chakula cha mchana mjini nalinganisha sehemu mbili ambazo wenyeji wanazijua: Lukmaan ya Mkunazini na Passing Show ya Malindi. Zote mbili ni za watu wa kazi na za familia, hakuna pombe, na unaweza kuingia na mama yako na watoto bila kufikiria mara mbili. Zinatofautiana katika namna unavyokikuta chakula, na kwangu mimi hapo ndipo penye uamuzi.

Lukmaan iko karibu na Kanisa la Anglikana, lile lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Ukiingia, wali na michuzi vimepangwa kaunta, unapita, unanyoosha kidole: hiki, na hiki, na kidogo cha kile. Mgeni asiyejua majina ya vyakula vyetu hapati shida, na hilo limeifanya ipendwe mno na watalii. Mimi naipendea sababu nyingine: mchuzi unauona kabla ya kuununua. Tazama uso wake. Ukiwa laini, rangi moja mpaka pembeni, tui bado liko hai, agiza. Ukiona duara za mafuta zimeogelea juu na nyama ya samaki imeanza kumeguka vipande vidogo vidogo, ruka uende kwenye kitu kikavu, samaki wa kukaanga au maharage. Huo si ushauri wa Lukmaan peke yake, ni wa kila kaunta yenye vyakula vilivyopikwa, kuanzia Darajani mpaka Mwanakwerekwe.

Pale mimi hufika kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu. Nachukua pweza wa nazi na wali mweupe, kisamvu pembeni, ndimu na pilipili. Pweza aliyepikwa na mtu anayemjua hatafuniki kama mpira: amepigwa kwanza, amechemshwa mpaka akalegea kwa maji yake mwenyewe, ndipo akaingia kwenye nazi, na ule mchuzi wake hugeuka rangi ya waridi iliyokolea kidogo. Wali uunywe mchuzi ule. Sijui chakula kingine mjini hapa ambacho mtu aliyekaa ughaibuni akikila hunyamaza kwanza, halafu akaanza kuuliza habari za nyumbani. Upungufu wa pahala pale ni wingi wa watu. Saa saba hakuna nafasi, mnasogeleana, wahudumu wanakimbia, feni zinazunguka na joto liko pale pale. Kama una mazungumzo ya posa au ya mirathi, usiyapeleke huko.

Passing Show ni dunia nyingine ingawa ni mwendo wa dakika chache tu. Iko Malindi, karibu na bandari, na wateja wake wanaonyesha hivyo: watu wa bandarini, makarani, wasafiri wanaongoja boti na mabegi yao chini ya meza. Unakaa, unaletewa. Hapa ndipo ninapowapeleka watu wa wali na nyama, kwa pilau na biriani.

Na hivi viwili visichanganywe, maana wageni wa bara wengi huviona kitu kimoja. Pilau hupikwa pamoja: nyama na supu yake, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya kahawia, bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, mchele ukatiwa ukanywa vyote. Punje yake ina rangi na harufu mpaka ndani. Biriani yetu ni ya vyungu viwili. Wali mbali, umetiwa rangi ya zafarani. Masala mbali, nyama au kuku aliyelazwa kwenye mtindi na papai bichi ili alainike, akaiva katika kitunguu kingi mpaka mchuzi ukawa mzito wa kushika. Vinakutana kwenye sahani yako. Kwa hiyo pilau ikichelewa hupoteza kidogo sana. Wengine, mimi mmoja wao, twaipenda zaidi ikishatulia chini ya mfuniko saa moja mbili. Biriani ikichelewa, masala haina neno, lakini wali hukauka. Ukifika Malindi saa sita na nusu chukua biriani. Ukifika saa tisa, chukua pilau na kachumbari, na ndizi mbivu kama ipo.

Uamuzi wangu basi: mwenye hamu ya nazi na vya baharini aende Mkunazini, mapema. Aliyechelewa, au mwenye nyama akilini, au mzee anayetaka kukaa akaletewa, aende Malindi. Ijumaa baada ya sala kote kumejaa, na biriani ndiyo inayotangulia kuisha. Ijumaa mimi hula nyumbani.

Jambo moja zaidi kuhusu samaki. Wanaokuja mjini miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, hasa kuanzia Juni mpaka Agosti, wajue bahari huchafuka, ngalawa hazitoki kama kawaida, na samaki mnadani hupanda bei. Mkahawa mwaminifu miezi hiyo utakwambia leo hakuna nguru, kuna kuku. Usikasirike. Mpishi anayekwambia hakuna ndiye wa kurudi kwake. Kaskazi ikishika, mambo hurejea.

Alasiri: urojo

Hapa sitaji mkahawa, kwa sababu urojo, lile bakuli letu la uji mchachu wenye viazi na bajia, haukai mkahawani. Unauzwa kwenye vibanda na mabaraza ya mitaani, Vuga, Kikwajuni, Michenzani, na wakati wake ni baada ya alasiri mpaka magharibi. Kila mtu ana wake na yuko tayari kugombana na rafiki yake kwa ajili yake. Mimi nitasema tu namna ya kuuchagua.

Simama kwanza utazame bakuli likijengwa. Muuzaji anakata viazi vilivyochemshwa, anatia kachori moja anaibonyeza ipasuke, bajia mbili tatu, vipande vya mshikaki kama unataka, pengine nusu yai. Halafu upawa unazama kwenye sufuria, unatoka na ule uji wa manjano, moto, anamwaga juu mpaka vyote vikaanza kuelea. Juu yake chatini ya nazi, pilipili ya kusaga, na mwisho kabisa chipsi za muhogo zilizopasuliwa kwa kiganja, ili zikufikie bado zinalia. Ukipewa chipsi zimeshalowa, muuzaji ameanza mwisho akamaliza na mwanzo.

Uji wenyewe ni unga wa ngano, wengine huongeza wa dengu, manjano, na uchachu. Uchachu ndio roho. Kwangu mimi urojo bora ni wa embe bichi: ukali wake unakuja taratibu, hauumi meno. Wa ndimu unawahi mdomoni, ukali wake mkali zaidi, na wapo wanaoapia huo. Wa ukwaju una giza kidogo na utamu nyuma yake. Muulize muuzaji katia nini, hatakuficha, watu wa urojo wanaona fahari. Uzito wake uwe wa kufunika mgongo wa kijiko. Ukiwa mzito kuliko hapo unakuwa uji wa mgonjwa. Ukiwa mwepesi, bajia zitakunywa maji tu.

Kwa shilingi elfu mbili au tatu umeshiba, umekaa kwenye kibenchi bega kwa bega na mwanafunzi, dereva wa daladala, na bibi aliyetumwa na wajukuu na vyombo vyake vya kubebea. Nikilinganisha raha niliyopata na pesa niliyotoa, hakuna pahala pengine mjini panaposogelea hapa. Lakini ukija saa mbili usiku utakuta sufuria inakwaruzwa, na mabaki ya urojo hayana uchachu wala moto. Nenda kwenye kitu kingine.

Usiku: Forodhani

Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, watu wamegawanyika pande mbili juu yake. Wapo wanaosema ndiyo Zanzibar yenyewe, wapo wenyeji wanaosema siku hizi ni ya watalii tu. Mimi naipenda na nitaitetea, lakini kwa masharti.

Bustani ile ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa tena mwaka 2009, na tangu hapo wauzaji wana mpango, njia zinapitika na watoto wana pa kuchezea. Ukikaa ukutani jua linapozama, mbele yako vijana wanaruka baharini mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mruko wake, na umati unapiga makofi. Nyuma yako iko Beit el Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Sijazoea bado kuutazama ule upande. Baba yangu alikuwa akituonyesha saa ya mnara ule kutoka hapo hapo bustanini, tukiwa na miwa mikononi. Magharibi inaadhiniwa, wauzaji wanawasha majiko, moshi unapanda. Kwa mandhari hakuna mkahawa wa kufunga mlango unaoweza kushindana na hapo, na hulipi kiingilio.

Sasa chakula. Meza zimepambwa kamba, ngisi, pweza, jodari na papa kwenye vijiti, nyuma yake kijana wa kofia nyeupe anakuita kwa lugha tano. Vingi vya vile vimeshapikwa kabla na vitapashwa tu moto juu ya makaa ukivichagua. Kwa hiyo kanuni ya mchana naigeuza: mchana kula kilichoiva chunguni, usiku kula kinachozaliwa mbele ya macho yako.

Kinachozaliwa mbele ya macho yako Forodhani ni hiki. Kwanza ile tunayoita pizza ya Zanzibar, ambayo kwa kweli ni binamu wa chapati. Donge la unga linasukumwa na kuvutwa mpaka unakaribia kuona meza chini yake, katikati nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga, yai linapasuliwa humo humo, pembe nne zinakunjwa, linatua kwenye chuma chenye mafuta. Sikiliza sauti: likitua likanyamaza, chuma bado hakijapata moto, na unga utakunywa mafuta. Likilia, subiri lako. Pili miwa, inayopitishwa kwenye mashine mara mbili tatu pamoja na kipande cha tangawizi na ndimu. Tatu mishikaki ya ng'ombe iliyo mibichi kabisa inapowekwa motoni.

Na pweza? Hapo inategemea bahari. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, wanawake wa Jambiani, Paje na vijiji vyote vya mashariki hushuka mwambani kuchokoa pweza, na siku hizo pweza wanaofika mjini ni wengi na wabichi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, au siku chache baadaye, nunua pweza bila wasiwasi. Maji mafu yakishika, mimi humpita.

Bei iulize kabla kijiti hakijaguswa, kimoja kimoja, kisha jumla. Rafiki yangu kutoka Tanga alichaguliwa vijiti na muuzaji mmoja mwenye maneno matamu, "onja hiki kaka, na hiki", na hesabu ilipokuja ilikuwa ya chakula cha watu watatu. Wauzaji wengi pale si hivyo, na hao wengi ndio wanaoumizwa na wachache. Tazama meza ambayo mama wa Kizanzibari na watoto wake wamesimama wakingoja. Simama nyuma yao.

Kwa watoto na vijana, Forodhani inashinda kila kitu nilichotaja. Kwa mzee anayehitaji kiti cha kuegemea na sahani mezani, si pahala pake, na usimlazimishe kwa sababu wewe unataka kupiga picha.

Vingine kwa haraka

Mikahawa ya juu ya mapaa ya hoteli ina upepo, ina utulivu, na bahari nzima iko chini yako. Nenda kwa mandhari, au kama una jambo la watu wawili, na weka nafasi mapema. Bei ni za wageni.

Asubuhi sihitaji kulinganisha: supu na chapati kama una kazi nzito, au chai ya maziwa yenye iliki na mkate wa kumimina au vitumbua kama huna. Vitumbua viwe vimetoka kikaangoni, kwa sababu ile ile ya nazi.

Baada ya chakula chochote, cha saa yoyote, kahawa chungu ya barazani. Jaws Corner, baraza la Mji Mkongwe, wazee wanacheza bao na dhumna, muuza kahawa anakumiminia kikombe mkononi kutoka kwenye deli, birika lake, na kashata ya njugu ya kukatia uchungu. Ukikaa pale, salimia wote kwanza.

Ramadhani kanuni zote hizi hubadilika. Mikahawa ya wenyeji mchana imefungwa, na anayetaka kula vizuri mwezi huo atafute mwaliko wa futari nyumbani kwa mtu. Forodhani huamka usiku, baada ya watu kufuturu na kutoka tarawehe, na hapo ndipo inapokuwa yetu zaidi kuliko mwezi mwingine wowote.

Wiki iliyopita shangazi alipiga simu. Anakuja tena, afya yake alhamdulillahi, mara hii kwa harusi. Boti itatia nanga bandarini mchana, akasema, lakini siku hizi ni kusi, huenda ikachelewa mpaka saa tisa. Aliuliza kama nimeshapata pa kumpeleka, na nilimsikia anacheka kidogo kwenye simu.

"Saa tisa, shangazi, itakuwa pilau Malindi. Hatua mbili tu kutoka bandarini. Na siku ya pili yake, saa sita na nusu, nakupitia twende Mkunazini."

"Kwa nini si siku hiyo hiyo?"

"Kwa sababu nataka tui ulikute zima."